Barua ya Kumsifia Mwajabu

"Kama haiandiki, aseme haiandiki, mwanangu ajue moja," alisema Mama Mwajabu, na mwiko wa maandazi ukagonga bati la ua.

"Nani kakwambia haiandiki?" Mama Ndimbo alimjibu kutoka upande wa pili, huku anaendelea kuanika mashuka. "Ameiandika. Ipo. Imekaa."

"Imekaa tangu mahindi yakiwa machanga. Leo tunakula ugali wake."

"Shoga, mume wangu ni profesa. Barua ya profesa haiibuki kwenye mafuta kama andazi."

"Andazi langu likichelewa, wateja wanakwenda kwa jirani. Mwanangu ana profesa mmoja tu, na ndiye huyo wako, anayejifungia chumbani kila akisikia sauti yangu."

Wakati huo mtaa mzima wa Visimani tulikuwa tumeshatoka nje. Kwetu kuusikiliza ugomvi wa jirani kutoka ndani ya nyumba ni utovu wa adabu. Unatoka, unakaa barazani, wanaogombana wanajua wako na watu. Kisa kizima tulikuwa tunakijua, ila tulitaka kukisikia tena kwa hasira.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Mwajabu, binti wa Mama Mwajabu muuza maandazi, alikuwa amemaliza shahada ya mambo ya maji. Chuo kimoja cha ng'ambo kikamwambia: nafasi ya uzamili ipo, ada tutalipa sisi, chakula na malazi juu yetu, ila tuletee barua moja ya mapendekezo kutoka kwa mwalimu aliyekufundisha, atueleze wewe ni mtu wa namna gani. Mwisho Ijumaa. Na siku hiyo ya mwiko na bati ilikuwa Jumanne. Mwalimu mwenyewe ni Profesa Ndimbo, ambaye kati yake na Mwajabu kuna bati tu. Wale wazungu wa watu walihofia barua itachelewa kuvuka bahari. Hawakujua kwamba safari ndefu ni ile ya kuvuka ua.

Nasi wengine tulikuwa na haja yetu. Maji ya kisima cha mtaa wetu yanageuza meno ya watoto kuwa ya kahawia, na wengine miguu inapinda kabla hawajaanza shule. Mwajabu ndiye wa kwanza kutuambia ni kwa nini: yana madini ya floridi kupita kiasi. Alikuwa anakwenda kujifunza namna ya kuyasafisha.

"Unataka asifiwe haraka, tena bila kibali?" Mama Ndimbo alisema, akibana shuka la mwisho. "Basi afe kwanza."

Hapo mtaa mzima tulisimama. Yapo maneno ambayo hata sisi hatuyasikilizi tukiwa tumekaa. Mama Mwajabu aliuteremsha mwiko. Mama Ndimbo mwenyewe alijishika mdomo, lakini neno lilikuwa limeshavuka bati.

Ndipo pazia la dirisha la Profesa lilipofunguka kidogo.

"Kisheria," alisema kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, "ni kweli."

*

Kwa mgeni nitaeleza, asije akatudhania vibaya. Nchi yetu ni nchi ya haki na utaratibu. Jina lake silitaji kwa sababu la zamani limefutwa, na jipya lipo mezani kwa Mheshimiwa Mkubwa linasubiri saini.

Zamani watu walikuwa wakisifiana ovyo. Mke anamsifu mume, abiria anamsifu dereva, mtu anakula wali kwa jirani anatoka hapo anatangaza kwamba jirani ni fundi wa kupika. Wataalamu wakafungiwa hotelini, wakala, wakafikiri, wakagundua kwamba sifa ni kama maji ya kisima: zina mwisho. Kila sifa anayopewa mtu wa kawaida inapunguza zile za Mheshimiwa Mkubwa. Ikaundwa Hazina ya Sifa. Tangu hapo, anayetaka kumsifu mtu aliye hai huomba kwanza, akapimiwa kiasi chake.

Wafu waliachwa huru. Wataalamu walieleza kwamba mfu hagombei cheo.

Ndiyo maana kwetu misiba inapendwa. Kwenye msiba mtu unasema mpaka roho inatulia. Yule uliyemwita mwizi asubuhi, akifa adhuhuri, jioni unasimama na kumwita nguzo ya jamii, wala hakuna wa kukudai kibali.

Asidhani mtu kwamba sheria hii ni ya mchezo. Mwalimu Sekiete wa hesabu alimwandikia mwanafunzi wake neno "mahiri" kwa mkono wake mwenyewe, bila kibali. Wakaja watu wawili wapole, wakavua viatu mlangoni, wakamwomba aende nao akafafanue. Mpaka leo anafafanua. Mkewe anampelekea chakula langoni. Chakula kinapokelewa, na vyombo vinarudishwa vimeoshwa vizuri kabisa.

Profesa Ndimbo alikuwa nyumbani kwa Sekiete siku vyombo vya kwanza viliporudi. Tangu hapo akiulizwa hata kama chai imekolea, hutazama kwanza dirishani.

Tena msimlaumu kwamba hakujaribu. Alikwenda na Mwajabu kwa Bwana Lukwaro, Afisa wa Sifa wa kata, wakiwa na maombi kamili.

"'Hodari' imekwisha," Bwana Lukwaro aliwaambia. "Yote ilikwenda kwenye sherehe ya kuzaliwa kwa Mheshimiwa Mkubwa."

"'Mwerevu' je?"

"Ipo, lakini ni ya wanajeshi."

"Sasa kwa raia kuna nini?"

Bwana Lukwaro alifungua kabati, akachungulia kama muuza duka mwisho wa mwezi. "Kuna 'anaonekana'. Kuna 'hajawahi kukamatwa'. Na hapa, bahati yenu, kuna 'ana kimo cha kutosha'."

"Bwana Afisa, siwezi kumpeleka mtu uzamili kwa kimo chake," alisema Profesa.

"Basi msubiri mgao mpya."

"Unatoka lini?"

"Ukishapendekezwa na makao makuu. Tunasubiri barua yao."

Barua ya Profesa ikakaa kusubiri barua ya makao makuu, na mahindi yakakomaa.

*

Baada ya lile neno la Mama Ndimbo, wanawake wawili hao ambao asubuhi nusura warushiane mwiko walikaa jikoni mwa Mama Mwajabu hadi jua likazama. Mama Ndimbo alikuja mwenyewe kuomba msamaha, akabaki kupanga msiba.

"Mama, nife kwa ajili ya barua?" Mwajabu aliuliza.

"Utakufa kwenye karatasi tu, mwanangu. Nchi hii ni wangapi wako hai kwenye karatasi na hawapo? Mbona wanapiga kura kila uchaguzi."

"Na kurudi je?"

"Ukishafika kule utakuwa hai kule," alisema Mama Ndimbo. "Kule hawana sheria hii. Hebu tupishe tuhesabu masufuria."

Mwajabu alitutazama sisi tuliojaa mlangoni. Mdogo wake alikuwa miongoni mwetu, kafunga mdomo kama kawaida yake, maana hapendi meno yake yaonekane. Mwajabu akasema, "Haya."

Jumatano mchana walikwenda kuandikisha kifo. Afisa wa Vifo wa kata ni Bwana Lukwaro huyohuyo, maana serikali yetu inabana matumizi: asubuhi anavaa koti la kijivu, ni Afisa wa Sifa, akishakula anavaa jeusi, ni Afisa wa Vifo. Na kwa kuwa ni mtumishi mwadilifu, alichosikia ndani ya koti moja hakikumbuki akiwa ndani ya jingine.

"Marehemu ni nani?"

"Ni mimi," alisema Mwajabu.

Bwana Lukwaro alionekana kufarijika. "Afadhali. Ndugu huwa wanakosea tarehe za kuzaliwa."

Akaandika. Halafu akauliza mwili uko wapi. Mama Mwajabu akamtazama binti yake.

"Kama hakuna mwili, si kasoro," Bwana Lukwaro alimpoza. "Siku hizi ofisi yangu inaletewa vifo vingi visivyo na mwili. Tumezoea."

Mama Mwajabu alikuwa amekuja akiwa na kicheko amekibana kooni tangu nyumbani. Pale kilimpotea.

"Sababu ya kifo?"

"Barua," alisema Mwajabu.

"Hiyo haimo kwenye sababu zetu. Nitaweka homa."

*

Mtaa wetu haujui kulia kidogo. Alhamisi turubai lilifungwa, mikeka ikatandikwa, masufuria yakakopwa mpaka mtaa wa tatu. Watu walikuja wanaojua na wasiojua, na wasiojua ndio waliolia zaidi. Kwa kuwa sheria inataka msiba ushuhudiwe, Bwana Lukwaro alikaa kiti cha mbele ndani ya koti jeusi, mhuri mapajani.

Mwanzoni tulikuwa tunabinyana. Mtu analia "ua letu limekatwa," halafu anamwuliza mwenzake kama wali umeshageuzwa. Lakini mke wa Mwalimu Sekiete alikuja. Akakaa mkekani karibu na mlango, akajifunika kanga, akaanza. Kilio kile hakikuwa cha Mwajabu. Mumewe kisheria si maiti, anafafanua, kwa hiyo mke hana haki ya kumwekea matanga. Akautumia msiba wetu. Hakuna aliyemnyamazisha. Baada ya hapo hatukubinyana tena.

Mwajabu alikuwa nyuma ya pazia la chumba cha mama yake, ameambiwa asikohoe.

Profesa Ndimbo akasimama na karatasi yake. Alisoma mistari michache kwa sauti ya kumbi za mitihani, akaangalia dirishani, akakumbuka kwamba leo hakuna haja, akaikunja.

"Mwaka wa kwanza aliniletea maji ya kisima chetu kwenye chupa," alisema. "Akaniuliza kwa nini meno ya mdogo wake ni ya kahawia. Nikamwambia swali hilo halimo kwenye mtihani. Akaniambia, basi mtihani ndio wenye kasoro. Nikamtoa darasani. Kesho yake alirudi na chupa nyingine.

"Nimefundisha miaka mingi. Wanafunzi wengi huniuliza kipi kitatoka. Huyu aliniuliza kipi ni kweli. Alizunguka visima vyote vya kata kwa miguu. Mimi naishi hapa, nakunywa maji hayohayo, sikuwahi kutembelea hata kimoja. Alikuwa hodari. Alikuwa mwerevu. Alinizidi mimi, na nilikuwa najua, na sikuwahi kumwambia."

Akatafuta leso, hakuiona, akajifutia ile karatasi.

Sasa fikiria wewe ndiye uko nyuma ya pazia. Tangu uzaliwe hujasifiwa hata siku moja, maana mama yako anaogopa sheria, walimu wanaogopa sheria, na wewe umeshajionea kwamba labda hakuna cha kusifia. Leo ndiyo unasikia. Waliokaa karibu na mlango wanasema pazia lilikuwa linatikisika, na Mama Ndimbo akaenda kuliegemea ili lisitikisike.

Bwana Lukwaro naye alilia, akagonga mhuri huku analia. Alasiri hiyohiyo maneno yale yalichapwa, yakatumwa ng'ambo, na mhuri wake wa vifo, kwa kompyuta ya chuoni kwa Profesa, na umeme, kwa heshima ya msiba nadhani, haukukatika. Ijumaa ilikuwa bado haijafika. Ilikuwa barua ya kwanza katika historia ya nchi yetu kuwahi.

*

Jibu halikukawia. Liliandikwa kwa wafiwa.

Chuo kilisema kwamba hakijawahi kupokea mapendekezo yaliyowaliza wajumbe wote wa kamati. Kilitupa pole. Kikasema nafasi ya marehemu haitapotea: itakuwa tuzo yenye jina lake, na atapewa kijana mwingine wa nchi yake, aliye hai.

Waziri wa Sifa alilitangaza redioni mwenyewe. "Ndugu wananchi," alisema, "kuna nchi zenye walio hai wengi, nazo zinaringa. Lakini ni nchi chache, na kwa uongozi wa Mheshimiwa Mkubwa sisi ni mojawapo, zenye wafu wenye kiwango cha kimataifa."

Kijana aliye hai alipatikana kabla ya taarifa ya habari ya jioni. Aliitwa Tegemeo, mpwa wa Waziri. Tusimseme vibaya, ni mtoto mpole, amelelewa, na habari za maji alikuwa ameshawahi kuzisikia. Barua yake ya mapendekezo ilitoka hata kabla hajaiomba. Neno "hodari" lilipatikana limeangukia nyuma ya kabati.

Mwajabu alikwenda mbio kwa Bwana Lukwaro, akamkuta kwenye koti la kijivu, akamsubiri avae jeusi.

"Nataka kuwa hai."

"Utaratibu upo," alisema Bwana Lukwaro, wala hakushangaa. "Lete barua mbili za mapendekezo za watu wenye heshima zao, waeleze kwa nini unastahili kuwa hai."

"Kwani kuwa hai nako kunataka sifa?"

"Binti, unadhani sisi wengine tuko hai hivihivi?"

"Profesa aandike tu kwamba mimi ni mzima. Asinisifu."

Bwana Lukwaro alifikiri, akatikisa kichwa kwa huruma. "Kusema mtu ni mzima, kwa hali ilivyo sasa, ni sifa kubwa. Itabidi aombe kibali asubuhi, kwa mwenzangu wa koti la kijivu."

Profesa aliombwa. Aliandika siku hiyohiyo, hilo tusimnyime. Barua ipo. Imekaa.

Mwajabu akajaribu njia yake. Alikiandikia chuo mwenyewe: mimi ni yule mnayemlilia, sijafa. Chuo kikamjibu kwa upole kwamba kimechoshwa na matapeli wanaotumia jina la marehemu, na kwamba kwa kulinda heshima yake kimeiarifu Wizara.

Haukupita muda, wakaja watu wawili wapole. Wakavua viatu mlangoni. Wakamwuliza Mama Mwajabu kama anamjua mtu yeyote anayejifanya binti yake.

Mama Mwajabu aliwatazama soksi. Walikuwa na soksi safi.

"Simjui," alisema. "Mwanangu alikufa kwa homa."

Wakamshukuru, wakasema watakuja na kwenye arobaini. Walipoondoka alikaa chini palepale sakafuni. Mwajabu alikuwa amesimama upande wa pili wa bati, uani kwa Mama Ndimbo, mashuka yakiwa yamemficha, na alikuwa amesikia.

*

Arobaini iligharimiwa na Wizara. Walileta turubai jipya, na picha kubwa ya Mheshimiwa Mkubwa, na pembeni picha ndogo ya Mwajabu aliyopiga siku ya kuhitimu. Ng'ombe alichinjwa. Mtaa wetu, sina haja ya kuwaficha, ulijaa mpaka vichochoroni. Hata wale walioapa kwamba hawatakula chakula kile walikuja kushuhudia wenzao wanavyokila.

Mama Mwajabu alikuwa kwenye sufuria, anapakua, hasemi na mtu. Wale watu wawili wapole walikaa karibu na lango na sahani zao. Profesa alipewa kiti cha mbele, pembeni ya Bwana Lukwaro, na kila mtu aliyepita alimpongeza kwa ile hotuba, na kila akipongezwa alizidi kuinama.

Mwajabu aliambiwa asitoke kwa Mama Ndimbo. Akakaa humo, akasikiliza jina lake linatajwa upande wa pili kwenye kipaza sauti, mpaka akashindwa. Akajitanda kanga kichwani, akazunguka, akasimama langoni kwao, juani. Sisi tuliomwona wa kwanza tuliacha kutafuna.

Tegemeo ndiye aliyekuwa akikaribisha wageni, maana kesho yake alikuwa anasafiri na aliombwa aonyeshe shukrani. Alikuwa amevaa suti mpya ambayo lebo ya mkono haijatolewa. Akamwona msichana amesimama, akamwendea.

"Dada, mbona umesimama juani? Ulimfahamu marehemu?"

Wale wawili waliinua macho kutoka kwenye sahani. Mwiko wa Mama Mwajabu ulisimama hewani, wali unadondoka punje mojamoja. Profesa alifungua mdomo. Tulimwona, mtaa mzima tulimwona, alifungua mdomo. Akaufunga.

"Kidogo," alisema Mwajabu. "Tuliishi nyumba moja."

"Pole sana." Tegemeo alishusha sauti. "Unajua, nimeisoma ile barua mara nyingi. Nikisema ukweli sijui hata nianzie wapi. Maji yenyewe nimeyajulia bombani."

Mwajabu alimtazama yule kijana usoni, labda akitafuta mahali pa kumchukia. Halafu akatazama kule ndani, mdogo wake alikokuwa anakula kwa kuinamisha kichwa.

"Watakwambia maji yachemshwe," alisema. "Usikubali. Haya ya hapa ukiyachemsha ubaya unazidi. Waulize habari za mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mifupa inachomwa, inasagwa, maji yanachujwa humo. Kwa ndoo moja najua, yaani, marehemu alikuwa anajua. Alitaka kujua namna ya kisima kizima. Hilo ndilo uliza. Uliza mpaka wakutoe darasani."

"Mifupa ya ng'ombe," alirudia Tegemeo.

"Usisahau."

"Sitasahau." Alikuwa anaitikia kwa kichwa, kwa adabu, na sisi hatukujua kama atakumbuka hadi uwanja wa ndege. "Unajua mambo, dada. Ungekuwa umesoma." Akageuka nyuma akaangalia masufuria. "Umeshapata chakula?"

"Bado."

"Basi ingia ule," alisema Tegemeo, akimshika mkono kumwongoza ndani. "Usione haya. Hesabu hapa ni kwenu."